Viini Nane vya Fundi Swalihu

Ukifika kwenye vibanda vya steshenari vya Chimwaga, karibu na geti la chuo, utaona ubao mmoja uliopakwa rangi ya bluu tupu, hauna neno hata moja. Zamani uliandikwa KWA FUNDI SWALIHU MASHINE HAIRUDI. Mwenyewe aliupaka rangi mwezi wa pili mwaka huu, kwa kopo lililobaki tulipopaka geti la nyumbani. Wanafunzi wakimuuliza kulikoni, anawaambia maandishi yalikuwa yamepauka. Mwongo huyo. Mimi, Mwanne, ni dada yake, tumenyonya ziwa moja, na siku alipopanda kiti na brashi yake mimi ndiye niliyekishika kile kiti.

Sisi ni watu wa Dodoma mjini, ukoo wa wafanyabiashara tangu enzi za misafara. Tumeuza chumvi, tumeuza kaniki, tumeuza vitasa. Swalihu peke yake ndiye aliyekataa kuuza. Akiwa na miaka tisa alifungua redio ya marehemu baba, akaitandaza vipande mkeka mzima, akaifunga tena, na skrubu mbili zikabaki mkononi. Redio ikaongea vilevile. Baba alimchapa kwanza, ndipo akamsifu. Tangu hapo mtoto akawa wa pasi, wa feni, wa televisheni, na kompyuta zilipoingia mjini akawa wa kompyuta.

Kilichomharibu ni mwalimu mkuu mmoja. Miaka kumi na mbili iliyopita Swalihu alimuuzia kompyuta dhaifu kwa kazi aliyoitaka, na yule mwalimu akairudisha kwa guta, saa sita mchana, katikati ya soko, huku anaeleza kila aliyeuliza. Nilikuwepo. Swalihu aliipokea ile mashine kama mtu anayepokea maiti. Baada ya hapo akaapa kwamba hakuna mashine yake itakayorudi tena, na dawa aliyoipata ni kuzidisha. Ukitaka kompyuta ya kuandikia barua, atakuuzia ya kutengenezea filamu. Ukiuliza sababu, anakujibu, "Utanishukuru." Na watu walishukuru kweli, ndiyo maana ubao ukaandikwa.

Kibanda chetu ni kimoja, tumekigawa kwa mbao nyembamba. Upande wake ni ufundi, upande wangu ni kuchapa na kutoa kopi. Mama alitulea na sheria moja: fundi hasahihishwi mbele ya mteja. Ukimsahihisha umemvua nguo hadharani. Una neno, ngoja mteja aondoke ndipo useme. Mimi ni mtu wa maneno mengi, muulize yeyote pale Chimwaga, lakini sheria hiyo niliishika kuliko nilivyoshika mambo mengine ya maana zaidi.

Mzee Zablon alikuja mwezi wa tano mwaka jana. Alikuwa mrefu, amevaa koti la suti juu ya fulana, na alipoingia aligonga bega kwenye mhimili wa mlango ambao kila mtu anauona. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa hapa wanachapa karatasi zinazotoka kwenye simu."

Simu ilikuwa ya mpwa wake, Penina, anayekaa naye Miyuji. Ndani yake kulikuwa na ujumbe kutoka Uholanzi, kutoka kwa binti yake Jenifa, aliyesoma kompyuta papa hapa chuoni kwetu kabla ya kwenda huko kufanya kazi. Nikauchapa. Ulikuwa ukurasa mmoja, na juu yake Jenifa ameandika kwa herufi kubwa: *Fundi, tafadhali soma yote.*

Nilipokuwa nabana karatasi kwa pini, mzee alinieleza habari yake yote. Kule Kibakwe, alipokuwa kijana mwenye nguvu, alijenga tembe kwa mikono yake, akamwoa Zipora, akamweka humo. Zipora alifariki Jenifa akiwa na miaka mitatu. Picha yake ilikuwa moja tu, ya siku ya harusi kanisani, na mwaka wa mvua kubwa tembe lilianguka likaifukia na vitu vingine vyote. Jenifa amekua hajui mama yake alifananaje. Sasa huko ughaibuni anatumia programu ya ulimwengu wa ndani ya kompyuta, ambamo watu hujenga nyumba zisizo za udongo na kutembea humo kwa miguu isiyo yao. Amelijenga upya lile tembe. Ndani yake amemweka mama, kwa maneno aliyokuwa anamuuliza baba yake kwenye simu jioni baada ya jioni: pua ikoje, paji la uso likoje, anatembeaje.

"Anataka niingie humo nimwone," mzee alisema. "Nimwambie kama ndiye. Pasipofanana niseme, yeye anarekebisha palepale."

Nikamuuliza kwa nini asitumiwe picha kwenye simu.

"Nimetumiwa. Ni uso mdogo kama kifungo. Na Zipora hakuwa mtu wa kukaa kama picha, mwanangu. Ungemjua kwa anavyogeuka."

Kisha akaongeza jambo ambalo lilinifanya niache kubana karatasi. Ana presha ya macho. Daktari amempa dawa ya matone, lakini amemwambia kinachokwenda hakirudi, na kwa jinsi kinavyokwenda, mvua zikianza huenda asiwe anaona. Watoto wengine hana. Nduguze waliomjua Zipora wamekwisha, na wa upande wa mke walihama hata hajui walipo. Duniani kote yalikuwa yamebaki macho mawili yanayoujua uso ule, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakinitazama, yananitafuta kidogo pembeni ya pale nilipokaa.

Nikampeleka upande wa pili kwa Swalihu na karatasi yake.

Niseme wazi kwamba karatasi niliisoma. Huwezi kuchapa bila kusoma. Iliandikwa kwa Kiswahili safi: programu hii inahitaji prosesa yenye viini viwili, inatosha, mradi viwe na kasi, muhimu zaidi ni kadi ya picha na intaneti isiyokatika. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na viini ni mafungu ya huo ubongo, kila kimoja kinafanya kazi yake. Hata mimi ninayejua kuchapa tu nilielewa.

Swalihu aliisoma nusu, akacheka kidogo.

"Mzee, hii ni dunia nzima inaingia kwenye kompyuta. Miti, nyumba, watu wanatembea. Viini viwili ni vya kuandikia barua. Hapa wameandika kiwango cha chini tu, cha kukufanya uingie ukwame."

"Vinatakiwa vingapi, fundi?"

"Nane. Nitakutafutia mashine ya viini nane, hutarudi hapa kulalamika."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki tatu, nne. Naagiza Dar."

Mzee aligeuka kunitazama. Sijui kwa nini alinitazama mimi. Labda kwa sababu mimi ndiye niliyesikia habari ya macho. Karatasi ilikuwa mezani kati yetu, maneno "viini viwili, inatosha" yakiwa mstari wa nne. Nikauma ulimi. Nikamwambia, "Huyu ndugu yangu anaijua kazi yake, mzee."

Alipoondoka ndipo ningesema. Sheria ya mama iliniruhusu. Lakini mezani kwangu kulikuwa na foleni ya wanafunzi wenye ripoti za utafiti, ulikuwa msimu wake, na kompyuta yangu ilikuwa haipumui. Hiyo kompyuta niieleze, maana nayo imo katika kesi. Ilikuwa ya mpiga picha wa harusi aliyehamia Singida, kuukuu, kava lake limekwanguka, ina viini viwili. Mpiga picha aliifungia kadi nzuri ya picha kwa ajili ya video zake. Ilinipitia akilini kwamba mzee angeweza kuijaribu programu yake pale pale, nusu saa tu. Ikanipitia pia kwamba Swalihu angeifungua, angeijaza madude, ingeganda, na ripoti za watu zingepotea. Nikanyamaza. Swalihu naye alikuwa ameshasema huko nyuma kwamba mashine yangu ni ya kutolea kopi za vyeti, na mimi sikuwa na hamu ya kubishana naye siku ile.

Wiki ya tano mashine ikaja kwa basi. Swalihu akaifungua, akakuta ina viini vinne. Akairudisha. Nilimwona kwa macho yangu anaifunga upya kwenye boksi lake kwa gundi ya karatasi, anamfokea mtu wa Kariakoo kwenye simu, anajisikia mtu mwadilifu kweli. Ya pili ilikuja mwezi wa nane, ina viini nane, lakini bodi yake, ule ubao unaobeba vifaa vyote, imepasuka njiani. Wakasubiri bodi. Bodi ikaja isiyoingiliana na prosesa. Wakasubiri nyingine. Mwezi wa kumi umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo, ukaunguza pawa, kile kifaa kinachoilisha mashine umeme. Kila mara Swalihu alisema wiki mbili.

Na kila Jumanne mzee Zablon alikuja. Siku za kliniki yake zilikuwa Jumanne, kwa hiyo akitoka huko alipitia kwetu kuuliza. Kwa kuwa upande wa Swalihu ulijaa mashine zilizofunguliwa matumbo, alikaa kwangu, kwenye benchi, ubavuni mwa kompyuta yangu. Alikaa saa nzima, siku nyingine hata mbili. Alinihadithia vitunguu vya Kibakwe, na jinsi Zipora alivyomcheka siku ya kwanza alipomwona, kwa sababu alikuwa amevaa viatu vya kaka yake. Mimi huku nachapa. Mwanzoni alikuwa anasoma vichwa vya ripoti kwenye skrini na kuuliza maana yake. Mwezi wa tisa aliacha kusoma. Nikadhani amechoka na mambo ya wasomi.

Mwezi wa kumi na moja hakuja tena. Penina alipita mara moja, akasema mzee ana mafua.

Mashine ilikamilika katikati ya mwezi wa kwanza. Swalihu aliisafisha mpaka ikang'aa, akaiweka programu ya Jenifa, akaniita niione kabla ya mteja. Ilifunguka vizuri. Tukaona vilima, njia, tembe na paa lake la udongo. Kisha kwa majivuno yake akafungua lile dirisha linaloonyesha kazi ya prosesa, lenye visanduku vinane, kila kiini na mstari wake, ili nione vyote vinavyohangaika.

Kimoja kilikuwa kinahangaika. Mstari wake ulipanda mpaka juu ukatetemeka huko. Cha pili kilipanda kidogo. Sita vilivyobaki mistari yake ililala chini kabisa, haitikisiki.

Swalihu akafunga programu, akaifungua upya. Ikawa vilevile. Akatembea ndani ya ule ulimwengu, akazunguka tembe, akakimbia. Vilevile.

"Labda haijapangwa vizuri," alisema, lakini sauti yake haikuwa yake.

Akaja upande wangu bila kuniomba. Wateja walikuwepo, nikawaambia wasubiri. Akaiweka ile programu kwenye kompyuta ya mpiga picha, ikachukua dakika kama kumi. Nilisimama nyuma yake nikiomba igande. Nasema kweli, niliomba kwa Mungu ile mashine yangu igande, izime, itoe hata moshi.

Ilifunguka. Vilima vikaja, njia ikaja. Mlangoni mwa tembe akatokea mwanamke mwembamba amejifunga kitenge, akageuka kutazama upande wetu, pale pale juu ya ile meza, kando ya lile benchi.

Swalihu alikaa kwenye benchi la mzee. Baada ya muda alisema, "Kuna kazi watu nane wanagawana, dada. Na kuna kazi ya mtu mmoja tu, kama kutunga uzi kwenye sindano. Saba wanabaki wanamtazama. Hiyo programu ni ya namna hiyo. Nilitakiwa kujua." Kisha akauliza, "Ile karatasi ilisemaje?"

Nikamwambia ilivyosema. Akauliza nilijua tangu lini. Nikamwambia tangu siku ile ile. Sikumbuki tangu utotoni kumwona Swalihu akilia, lakini alilia, na mwanafunzi aliyekuwa anasubiri kopi za cheti akatoka nje kwa adabu.

Tulimpigia Penina, tukamwambia mashine iko tayari. Tulijipa moyo kwamba mvua zilichelewa msimu ule, na huenda macho nayo yamechelewa. Tulipanga na Jenifa iwe kesho yake saa tisa alasiri, awe humo ndani anamsubiri baba yake.

Mzee alikuja ameshika kiwiko cha Penina. Koti lile lile la suti, amenyolewa ndevu vizuri. Safari hii hakugonga mhimili, kwa sababu Penina alimwambia, "Mlango, mjomba." Swalihu alikuwa ameshasimama kumpokea. Akakaa tena.

Penina alininong'oneza nikiwa namvutia mzee kiti. Macho yamekwisha tangu mwezi wa kumi na moja. Amekataza Jenifa asiambiwe, mpaka baada ya leo.

Tukamkalisha mbele ya ile mashine ya viini nane. Sauti ya Jenifa ikatoka kwenye spika, ikimwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, baba. Umeniona? Mimi ndiye huyu mwenye gauni la njano, niko njiani."

"Nimekuona, mwanangu."

"Twende nyumbani basi. Fundi atakusogeza."

Swalihu alimsogeza kwa kipanya. Tukafika uani. Mwanamke akatoka tembeni, akainama mlangoni kwa sababu mlango ni mfupi, akaweka sawa kitenge, akatembea kuja kwetu. Alipofika karibu kabisa, uso umejaa skrini, ndipo Jenifa akauliza.

"Baba. Ndiye?"

Mzee alikuwa ameelekeza uso wake kwenye kioo, ameupinda kidogo kama mtu anayesikiliza. Akasema, "Ndiye. Ndiye kabisa."

Jenifa alilia kwa sauti huko aliko. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Mzee alitabasamu na machozi yakamtoka kwenye yale macho, na chini ya kilio cha binti yake akanivuta mkono, akaninong'oneza, "Mwanne, kovu lipo? Juu ya nyusi ya kushoto. Nilisahau kumwambia."

Nikatazama. Nyusi ilikuwa laini, nzima.

Ningeweza kusema lipo. Angekwenda Miyuji na furaha yake, na Jenifa angebaki na mama yake. Kila mtu mle ndani angenishukuru. Lakini mwezi wa tano nilinyamaza ili nisimwaibishe mtu, na hapo mbele yangu palikuwa na matunda ya ile adabu yangu, yamekaa kwenye kiti, yamenyolewa ndevu.

"Halipo, mzee," nikasema, si kwa kunong'ona.

Kilio kikakatika. "Nani huyo? Halipo nini?" Jenifa aliuliza. "Baba, kuna kitu huoni?"

Mzee aliuachia mkono wangu. "Sioni, mwanangu. Nisamehe. Nilitaka ufurahi."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa kumi na moja."

Tulimsikia anavuta pumzi. Alipoongea tena alikuwa anaongea na sisi.

"Fundi, hii programu ingefunguka kwenye mashine yoyote ya viini viwili yenye kadi nzuri. Niliandika. Mwezi wa tano niliandika. Hakuna aliyeisoma ile karatasi?"

Swalihu alifungua mdomo. Nikamwahi, kwa sababu yeye kweli alisoma nusu.

"Mimi niliisoma," nikasema. "Yote."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Lile gauni la njano lilisimama tu pale uani, mikono imening'inia, na yule mwanamke mbele yake anapumua pumzi za mashine. Penina alikuwa ameshika mabega ya mzee. Ni mzee mwenyewe aliyeongea, kwa sauti ya kawaida, kama yuko shambani anamwelekeza mtu matuta.

"Lilikuwa fupi, Jenifa. Kama punje ya mtama. Alianguka na mtungi. Limelala, halikusimama, linaanzia pale nyusi inapoishia."

Baada ya kitambo, kwenye skrini, juu ya nyusi ya kushoto, kikatokea kialama. Kikasogea kidogo. Kikafifia, kikakolea.

"Hivi, baba?"

Kwa mazoea ya maisha yote mzee aliusogeza uso wake karibu na kioo, akautuliza hapo. Kisha akageuka upande wangu.

"Hivi, Mwanne?"

Nikainama, nikatazama kwa macho yangu mawili mazima uso wa mwanamke ambaye sikuwahi kumwona. Nikawaambia wote wawili kwamba sijui.